Tamasha la filamu huru Kaloleni: nendeni, ila chagueni usiku wa filamu fupi

Kwa elfu tano ya jioni nzima, sitaki kumsikia mtu wa Arusha akilalamikia bei. Zamani aliyetaka kuona filamu huru za nchi za watu, zile zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, alipanda basi hadi Dar, akavuka kwa boti hadi Unguja wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, na chumba cha kulala Mji Mkongwe akalipia. Mwenye duka kama mimi tamasha lile niliishia kulisikia redioni. Sasa tumeletewa Kaloleni, si mbali na Makumbusho ya Azimio. Unafunga duka, unafika kwa miguu.

Mtaa waliuchagua vizuri. Kaloleni mlango wa kwanza Mrangi, wa pili Mpare, wa tatu Msomali, na mwenye nyumba ni Mwarusha ambaye siku hizi anaishi Ngaramtoni. Waongeze wageni waliotoka Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, na vijana wa hosteli wenye mabegi mgongoni. Foleni ya tiketi peke yake ilikuwa burudani.

Nianze na lililoniudhi. Siku ya ufunguzi filamu ya kwanza iliwekwa saa kumi na moja na nusu jioni, ndani ya hema la turubai jeupe. Mji huu mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, kila mtu anajua hilo, hata kuku. Projekta ndogo ikapambana na mwanga wa turubai, ikashindwa. Nilimsikiliza mama mmoja wa Senegali akilia sehemu kubwa ya filamu bila kuiona sura yake. Ratiba waliyogawa nayo ilikuwa ya mapambo tu, maana kilichoandikwa saa mbili kilionyeshwa saa tatu, na kilichoandikwa saa tatu hakikuonyeshwa kabisa.

Lakini usiku wa filamu fupi nilisahau yote hayo. Kwa kanuni za tuzo za Oscar filamu fupi haizidi dakika 40, na nyingi nilizoziona hapa hazikufika hata nusu yake. Moja ilihusu mafundi viatu wawili wanaogombea kivuli cha mti mmoja. Hawaongei. Asubuhi kivuli kiko kwa mnene, jua likisogea kinahamia kwa mwembamba, na kila mmoja anasogeza kigoda chake kidogo kidogo akijifanya anatafuta sindano. Nyuma yangu mama mmoja anayeuza vitenge akasema kwa sauti, "Mwembamba ndiye mwenye haki, ametangulia kufika." Kijana wa jirani akamkatalia: mti ni wa halmashauri. Basi hema zima likawa baraza la kata, filamu inaendelea na kesi inaendelea. Ukumbi wa heshima ungewanyamazisha. Mimi sijawahi kuangalia filamu nikiwa na raha namna ile.

Filamu ndefu ndiyo iliyotutenga. Ilikuwa ya Kifaransa, maandishi ya chini ya Kiingereza, yanakimbia kama yanadaiwa. Wageni wakawa wanacheka, mtaa umekaa kimya. Yule mama wa vitenge akaanza kuuliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Ndipo kijana mmoja anayetafsiri filamu kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, akaomba maiki, akapewa.

Mliokulia kwenye vibanda mnaijua kazi hiyo tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri filamu maarufu. Kijana hakutafsiri neno kwa neno. Mzee wa kwenye filamu aliponong'ona na mkewe jikoni, kijana akatuambia, "Anasema shamba la Usa River nimeshaliuza, wewe hamia kwa dada yako Sanawari." Watu hoi. Waliokuwa wameshanyanyuka wakarudi kukaa. Ila mgeni mmoja wa viti vya mbele akaenda kunong'ona na waandaaji, na muda si mrefu maiki ikachukuliwa. Viti vya nyuma vikaanza kubaki vitupu.

Namwelewa mgeni yule kiasi fulani. Kuna sehemu mzee anakaa kimya tu akiangalia sufuria, na kijana akaijaza utani. Mtengeneza filamu aliuhitaji ule ukimya. Hata hivyo waandaaji walikosea, maana hawakuwa na kingine cha kutupa. Kampala wale watengeneza filamu wa Wakaliwood wanamweka mtafsiri wao, wanamwita VJ, ndani ya filamu yenyewe, na dunia nzima inawashangilia. Hapa kwetu kijana kama huyo angepewa filamu siku mbili kabla, akaelezwa wapi aseme na wapi anyamaze, na akalipwa posho. Nimewaambia hivyo waandaaji pale mlangoni. Wamesema wameipokea. Tutaona.

Maongezi na watengenezaji filamu usiyakose. Binti mmoja alieleza kwamba matamasha mengi ya nje yanatoza ada ya kupeleka filamu, tena kwa dola, na ukikataliwa hela hairudi. Dereva bodaboda akanyoosha mkono: "Sasa dada, hiyo si kubeti?" Binti akacheka, akasema inafanana, isipokuwa huku mkeka ukichanika bado una filamu mkononi.

Chakula sina ugomvi nacho: mishkaki, ndizi za kuchoma, chai ya tangawizi ya moto kwelikweli. Vyoo ni vichache, nenda filamu ikiwa katikati. Kaeni safu za kati, mbele spika zinapiga kelele na nyuma baridi inapita chini ya turubai, kwa hiyo sweta muhimu. Vifodi, daladala zetu ndogo, usiku ule vinakuwa vimeadimika, na bodaboda wa pale nje wanajua hilo kuliko nyinyi. Elewaneni bei kabla ya kupanda.