TAHADHARI: Anayeuza "spea orijino" za Datsun 240Z hapa Malindi, msimtumie pesa kabla ya kuzishika

Assalamu aleikum, hamjambo nyote. Hii ni kwa wapenzi wa magari ya zamani hapa Malindi, Watamu, Kilifi mpaka Mombasa. Kuna bwana mmoja anauza spea za Datsun 240Z, lile gari la michezo la zamani la Nissan, akidai zote ni orijino, zimetoka kwenye karakana ya Mtaliano aliyefunga nyumba akarudi kwao. Msimtumie hata shilingi kabla hamjaishika hiyo spea kwa mikono yenu. Jina lake silitaji kwa kuwa habari iko polisi, ila mbinu zake nitazieleza zote, maana namba za simu anabadilisha kila mara lakini mbinu ni zile zile.

Wanaonijua wanajua nina 240Z nyuma ya nyumba na nalirudisha taratibu jinsi lilivyotoka kiwandani. Kila nati ina kopo lake na kila kopo lina karatasi iliyoandikwa nati imetoka wapi. Mama watoto ameshachoka kuhesabu makopo ya maziwa. Gari hizi zilitengenezwa enzi ambazo chuma hakikukingwa na kutu kama siku hizi, na hewa ya huku kwetu mnaijua. Kusi ikivuma, chumvi inaingia mpaka ndani ya kabati la nguo, sembuse kwenye bodi ya gari. 240Z huoza sakafu, huoza chini ya betri, kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma na ukingo wa buti. Kwa hiyo mtu akikuambia ana madigadi za mbele zisizo na kutu, moyo lazima udunde. Na za mbele hufungwa kwa bolti, hazikuchomelewa, ndiyo maana huuzwa peke yake na ndiyo maana huyu bwana huanza nazo.

Zangu zilikuja kwa basi kutoka Mombasa, zimefungwa maboksi na magunia, ya kulia na ya kushoto. Bei KSh 45,000 kwa zote mbili, nusu kabla ya kusafirisha na nusu mzigo ukifika. Kwa macho zilikuwa safi ajabu, nyekundu inayong'aa, hakuna hata kovu. Hapo ndipo pa kuanza kushuku. Bati la zaidi ya miaka 50 lisilo na kovu ama limelala kwenye boksi tangu litoke Japani, ama limepakwa kitu.

Nikachukua sumaku ya spika iliyokufa, nikaivisha kitambaa isikwaruze rangi. Upande wa juu, karibu na boneti, ilinata mpaka nikaibandua kwa nguvu. Niliposhuka nyuma ya gurudumu, pale panapokaribia mlango, ikateleza ikaanguka. Nikarudia upande wa pili, ikaanguka tena. Fundi wangu wa bodi, mzee aliyeanza kunyoosha mabati kabla sijazaliwa, hakusema neno. Alichukua msasa mkali akakwaruza pale pale. Ikatoka rangi nyekundu, ikafuata praima ya kijivu, halafu puti ya kujazia bati, na puti, na puti, unene wa kidole. Chini ya puti tukakuta wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, umekatwa kwa mkasi ukabandikwa kuziba tundu. Bati lenyewe lilikuwa limeshaliwa.

"Mwanangu," mzee akasema, "wewe umeuziwa chandarua."

Nieleweke: puti si haramu. Fundi mzuri akishanyoosha bati kwa nyundo hupaka puti nyembamba kusawazisha, na hata kwenye gari langu ipo. Shida ni puti inayofanya kazi ya bati. Ile kitu hunyonya unyevu, na chini yake kutu huendelea kula bila wewe kujua, kisha msimu mmoja wa mvua ukipita rangi inavimba na kupasuka. Ukiipata madigadi mkononi, igeuze utazame mgongo wake kwanza. Mgongo ndio usiopambwa. Tafuta puti iliyopenyeza kwenye matundu, tafuta lami mbichi iliyopakwa ili kuficha. Gonga kwa kifundo cha kidole: bati hulia, puti hupiga bubu. Pia inyanyue, maana iliyojaa puti huwa nzito kuliko mwenzake, na zangu zilipishana uzito waziwazi.

Mwenzetu wa Watamu yeye aliuziwa kabureta. 240Z za miaka ya mwanzo zina kabureta mbili za Hitachi, zilizofuata mtindo wa SU wa Waingereza, mdomo wa milimita 46. Kila moja ina kuba juu na pistoni ndani yake, na viwili hivyo vililinganishwa kiwandani. Kuba la huku halitakiwi kuchanganywa na pistoni ya kule. Alizoletewa zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zikameta, ila kuba moja lilikuwa la kabureta nyingine kabisa. Ukiinua pistoni kwa kidole ukaiachia, inatakiwa ishuke bila kusita na kulia "tak" chini. Yake ilikwama katikati. Ile shafti inayobeba kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, nayo ilichezacheza kwenye tundu lake, maana yake hewa inaingia pasipotakiwa, na injini haitatulia ikinguruma bila kukanyagwa mafuta hata uirekebishe mpaka usiku wa manane. Haya yote huyaoni kwenye picha ya simu. Kwenye picha unaona kitu kinachometa.

Sasa njoo kwenye bloku ya injini, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu madigadi mbovu itakupotezea pesa tu lakini bloku inaweza kukupeleka kituoni.

Injini ya 240Z ni L24, silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2,393. Namba yake imegongwa upande wa kulia wa bloku, juu karibu na silinda hedi, ikitanguliwa na herufi na tarakimu "L24". Huyu bwana alinitumia picha ya bloku aliyosema haijawahi kuguswa. Nikaivuta picha ikaja karibu. Mahali pa namba palikuwa peupe na pana mikwaruzo ya grainda, na tarakimu zilipanda na kushuka kama meno ya mtoto. Pembeni ya bloku alisahau kitu: herufi zilizotoka pamoja na chuma kwenye kalibu, N42. Hiyo N42, na vilevile F54, ni bloku za L28, injini ya lita 2.8 iliyokuja baadaye. Hizo haziondoki kwa grainda kirahisi. Ukitaka uhakika zaidi, hedi ikiwa imefunguliwa, pima upana wa silinda: L24 ni milimita 83, L28 ni 86. Ikiwa imeshawahi kuchongwa upya itazidi kidogo, ila kuruka milimita tatu nzima ni nadra.

L28 si injini mbaya, tena ina nguvu kuliko L24, na wako wanaoifunga kwa makusudi. Angesema ni L28 ningemheshimu na pengine ningeinunua. Lakini namba iliyosagwa ikagongwa upya ni jambo jingine. Logibuku ya Kenya ina namba ya chesisi na namba ya injini, na ukibadilisha injini unatakiwa kuwaarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, warekebishe rekodi. Utawaarifu kwa namba gani? Na ikitokea bloku ilitoka kwenye gari la wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea na kushika mali ya wizi. Wewe ndiye utakayekuwa umeishika, yeye simu yake itakuwa imezimwa. Anauza pia vibati vya namba ya chesisi kwa KSh 6,000, hivyo msiviguse kabisa. Namba ya chesisi ya gari hizi imegongwa kwenye bati linalotenga injini na abiria. Za kwenda nje zenye usukani wa kulia huanza na HS30, na za Marekani zenye usukani wa kushoto ni HLS30. Mtu mwenye gari halali ana kazi gani na kibati kipya?

Hiyo HLS30 ndiyo inayonikumbusha dashibodi. Anatangaza dashibodi "isiyo na ufa hata mmoja". Dashibodi za 240Z hupasuka kwa jua, hilo anajua kila aliyewahi kuwa nalo, kwa hiyo nzima ni adimu. Yake ni ganda la plastiki lililogundishwa juu ya ile iliyopasuka, ukiisogelea unasikia harufu ya gundi. Isitoshe ni ya usukani wa kushoto. Utaifunga wapi?

Kuna na boneti nyeusi anayosema ilikimbia Safari Rally. Hapa anacheza na mapenzi yetu, maana ni kweli 240Z ilishinda Safari mara mbili, 1971 akiendesha Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na 1973 Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews. Gari la 1971 lilikuwa jekundu lenye boneti nyeusi, na picha zake ziko kila mahali. Ila gari hilo lenyewe liko Japani, kwenye ghala la kumbukumbu la Nissan huko Zama. Ya huyu ni boneti ya kawaida iliyopulizwa rangi nyeusi, na bei imepanda mara tatu kwa sababu ya hadithi.

Namna anavyoongea mtaitambua. Ni mpole, anakuita "kaka", anakuuliza hali ya watoto. Ukimwambia unataka kuja kuona stoo, stoo inahama: leo iko Mambrui, kesho Mtwapa, keshokutwa mwenye funguo amefiwa. Ukiomba video ya spea ikiguswa na sumaku, "data imeisha". Ukisita, anatokea mteja wa Nanyuki ambaye yuko tayari kutuma sasa hivi. Pesa hataki ziende kwenye till, ile namba ya malipo ya biashara. Anataka namba ya kawaida, na jina linalotokea M-Pesa kabla hujathibitisha si jina analojiita. Nilipomuuliza akasema ni la shemeji yake. Baada ya kumpelekea picha za ule wavu alinijibu neno moja, "pole", kisha namba yangu ikafungiwa.

Kama umeshatuma pesa na hujapokea kitu, ule ujumbe wa M-Pesa upeleke 456 haraka uombe zirudishwe. Lakini hiyo imewekwa kwa waliokosea namba, na akishazitoa kwa wakala, Safaricom hawana cha kukamata. Ujumbe wake wa ulaghai upeleke 333, ni bure. Msifute mazungumzo hata kama yanawaudhi. Kwa wanaojua anakoishi kwa hakika, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, ila unahitaji mtu wa kupelekewa samansi, na ndiyo maana stoo yake inahama.

Mimi nimesharipoti polisi nikapewa namba ya OB, kitabu chao cha matukio. Ofisa aliniambia mlalamikaji mmoja mwenye madigadi mbili ni jambo dogo, lakini tukiwa wengi wenye risiti za M-Pesa za namba zinazofanana, faili linapata uzito. Kwa hiyo aliyenunua kwake chochote, iwe taa, bampa la krome lililopulizwa rangi ya fedha au hiyo bloku, anitumie inboksi tarehe, kiasi na namba aliyotumia kulipa. Wenye bloku msiifunge kwenye gari, iacheni hivyo hivyo na namba yake iliyogongwa. Jumatatu asubuhi narudi kituoni na nitabeba madigadi zote mbili, na wavu wake.