Miezi mitatu na Last.fm: inajua muziki wako, na inajua ulilala saa ngapi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Kuna programu ambayo kazi yake si kupiga muziki, ni kukaa pembeni na kuandika unachosikiliza. Inaitwa Last.fm. Nimeishi nayo miezi mitatu, kwenye simu na kwenye kompyuta. Nimeipenda kweli, ila kuna usiku mmoja ambao bado nausikia moyoni, na ndio ulionifanya nirekodi video hii.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unafungua akaunti, bure, unaiunganisha na kile unachosikilizia, iwe Spotify au programu ya muziki iliyo kwenye simu yako. Kuanzia hapo kila wimbo unaandikwa. Wenyewe wanaita kuskrobo. Wimbo uwe na zaidi ya sekunde 30, na uwe umeusikiliza nusu yake au dakika 4, chochote kitakachotangulia. Ukiuruka mwanzoni hauhesabiwi. Kanuni hiyo naipenda, kwa sababu inatofautisha ulichokipenda na kilichopita tu masikioni. Kinachotumwa ni maandishi: jina la msanii, wimbo, albamu, na muda ulipousikiliza. Bando lako halitashtuka.

Huo muda ushikeni, nitaurudia.

Sasa mapendekezo. Programu haijui rumba ni nini. Inachofanya ni kukutafutia watu wengine wanaosikiliza kama wewe, zamani ikiwaita kabisa majirani, halafu inachungulia: jirani ana nini ambacho wewe bado hujakisikia? Kwangu mimi, ninayekesha na rumba ya Kongo, ilinipeleka kwenye magitaa ya Mali, kisha Kuba, na nikakuta wapigaji ambao nisingewafikia mwenyewe hata kwa miaka kumi. Hapo naipa heshima yake yote.

Kwenye taarab ilichechemea. Sababu naiona: msikilizaji wa taarab wa Tanga au Unguja anaisikia harusini, redioni, kwenye gari la mwenzake. Hakuna anayemwandika, kwa hiyo majirani ni wachache. Halafu kuna nyimbo zangu za zamani, zile tulizokuwa tunajaziwa dukani kwenye flashi. Msanii mmoja jina lake limeandikwa namna tatu, na programu ikanihesabia wasanii watatu. Nilikaa Jumapili nzima kusahihisha faili moja moja. Kama nawe una maktaba ya aina hiyo, anza na kazi hiyo kabla hujaunganisha chochote.

Haya, turudi kwenye muda. Mwezi wa pili mama aliugua, na tukawa tunakesha naye nyumbani. Nikawa namwekea Yasini kwenye simu, taratibu, inaisha naianza tena. Saa tisa za usiku ikaingia meseji ya mdogo wangu aliyeko Muscat: "Kaka, mama ana nini?" Nilikuwa sijamwambia. Sikutaka ajue akiwa mbali, kabla hatujapata majibu ya daktari. Alikuwa amefungua ukurasa wangu, akaona Yasini imepigwa mara kumi na moja tangu saa sita, akaelewa.

Programu haikuvunja ahadi yoyote. Ukurasa uko wazi kwa kila mtu na niliuacha hivyo mwenyewe. Lakini tazameni alichokisoma: ugonjwa, dini, na kwamba nyumba haikulala. Yeye ni ndugu yangu. Mwajiri angeweza kusoma hivyohivyo, au mtu mliyeachana kwa ugomvi. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inaiweka imani ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, na imani yangu ilikuwa pale imeandikwa na saa yake.

Hofu hii si ngeni. Januari 2006 Apple waliongeza sehemu ndogo ya duka ndani ya iTunes. Ukichagua wimbo wako mwenyewe, taarifa zake zinatumwa kwao ili wakupendekezee nyingine. Watu hawakuulizwa. Walipolalamika, Apple wakasema hawazihifadhi, kisha wakaibadilisha isubiri idhini yako kwanza. Last.fm hapa naiona mkweli zaidi, maana umeisakinisha ukijua inaandika.

Kumbukeni tu kwamba maandishi haya yana thamani. Sehemu ya kuskrobo ilianzia Southampton, Uingereza, mwaka 2002, mradi wa mwanafunzi wa kompyuta, Richard Jones. Mwaka 2005 ikaungana na Last.fm, na mwaka 2007 CBS ya Marekani ikainunua kampuni kwa dola milioni 280. Miaka mitano baadaye, 2012, nenosiri za watumiaji zikaibwa. Ilipofika 2016 ndipo ukubwa wake ukajulikana: akaunti zaidi ya milioni 43, na nenosiri zilifungwa kwa njia dhaifu sana. Kwa hiyo tafadhali sana, nenosiri utakaloweka huku lisiwe la barua pepe yako wala la benki.

Kuna mbadala, ListenBrainz, ya taasisi ya MetaBrainz. Programu yake ni huria na data yako unaweza kuichukua yote au kuifuta. Ila nayo usikilizaji wako uko wazi mbele ya watu, kwa makusudi kabisa. Inakupa umiliki, si pazia.

Uamuzi wangu: nimebaki na Last.fm. Nimeingia kwenye mipangilio, upande wa faragha, nikaficha nyimbo za karibuni. Jina la akaunti nimelibadilisha, silo lile mnalonijua nalo hapa. Na kwenye simu ninayomwekea mama Kurani nimeiondoa kabisa. Inaandika kompyuta peke yake, mchana, nikiwa kazini na rumba yangu.

Mama anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Asanteni mlioniuliza.