Mchezo umetelekezwa, lakini duka lake bado linauza

Mchezo huu wa machimbo ya dhahabu nimeucheza tangu enzi ulipokuwa ukipata masasisho mara kwa mara hadi sasa ambapo mtengenezaji wake ameutelekeza, na ninaupa nyota moja. Ni katika ile michezo inayojiendesha yenyewe: unaajiri wachimbaji, unawaongezea vifaa, kisha unaweka simu mfukoni na kuendelea na shughuli zako huku hazina ikijaa. Hapo awali ulikuwa mzuri kwelikweli, haukula bando na haukusumbua hata kwenye simu ya bei nafuu.

Hitilafu kubwa inagusa uti wa mgongo wa mchezo. Michezo ya namna hii haichimbi chochote ikiwa imefungwa. Huhifadhi saa uliyotoka, na unaporudi hukokotoa muda uliopita kisha kukulipa kwa mkupuo. Tangu sasisho la mwisho hesabu hiyo imevurugika. Ninafungua asubuhi, linatokea dirisha lenye maneno "Karibu tena! Wachimbaji wako wamepata dhahabu 0", na chini yake kitufe kinachoahidi uzalishaji wa saa mbili kwa atakayetazama tangazo. Tangazo linacheza hadi mwisho bila kukwama, linakula bando, na ukilifunga tu mchezo unaganda. Ukiuwasha tena, hakuna ulichopewa.

Waliofika mbali wanakutana na jambo baya zaidi. Machimbo mapya yaliyoletwa na sasisho hilo yanazalisha kwa kasi kubwa, na hazina inapopita 2,147,483,647 inageuka ghafla kuwa hasi, hivyo huwezi kununua hata sururu moja. Yeyote anayejua programu kidogo atatambua chanzo: kiasi hicho kimehifadhiwa kama namba kamili ya biti 32 (yaani nafasi 32 za sifuri au moja katika kumbukumbu ya simu), ambayo haivuki hapo. Katika mchezo ambao utamu wake wote ni kuona namba zikikua, kikomo hicho kilipaswa kufikiriwa mapema, kwa kuwa namba za desimali za biti 64 hufika takriban 10 kwa kipeo cha 308.

Kufuta mchezo na kuusakinisha upya hakusaidii, kwa sababu kumbukumbu zote zimo ndani ya simu pekee na zitapotea. Cookie Clicker, mchezo wa kubofya biskuti uliotolewa na Mfaransa Julien Thiennot mwaka 2013, humruhusu mchezaji kunakili hifadhi yake kama maandishi na kuyabandika kwenye kifaa kingine. Kitufe kimoja cha aina hiyo kingetuokoa wengi.

Hata hivyo, ningevumilia yote hayo. Ninafahamu kwamba mtengenezaji mdogo huweza kuishiwa fedha, kuugua au kupata kazi nyingine, na simdai mtu yeyote autumikie mchezo maisha yake yote. Kinachonikasirisha ni duka la vito, yale mawe ya thamani ya ndani ya mchezo yanayonunuliwa kwa pesa halisi. Barua pepe ya msaada inarudi na ujumbe kwamba anwani haipo, tovuti haifunguki, lakini malipo yanapokelewa papo hapo. Nilinunua kifurushi cha vito, pesa zikakatwa, vito havikuingia, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Wako watoto wanaocheza kwa simu za wazazi wao, na punguzo "la leo tu" limekuwa likiwatokea kila siku tangu mchezo uachwe.

Kwa anayefikiria kuupakua, ninaomba atazame kwanza tarehe ya sasisho la mwisho na asome tathmini za karibuni badala ya wastani wa nyota, maana nyota nyingi zinazoonekana pale zilitolewa wakati mchezo ukiwa mzima. Aliyekwisha kuuweka asinunue chochote. Na ikiwa mtengenezaji bado anaweza kuingia kwenye akaunti yake, ninamwomba jambo moja tu: alifunge hilo duka.