Tangi la dizeli lenye kuta mbili, baada ya misimu miwili shambani

Tangi hili la plastiki la lita 2,000 limekaa ndani ya tangi jingine kubwa zaidi, ambalo kazi yake ni kuyapokea mafuta iwapo la ndani litapasuka. Kanuni za mashamba za nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, hudai kizuizi cha namna hiyo kiweze kubeba angalau asilimia 110 ya ujazo wa tangi, yaani lita 2,200 kwa hili letu, na kipimo hicho kimeandikwa waziwazi ubavuni.

Kilichoniridhisha zaidi ni kwamba pampu, mpira na koki vyote vimo ndani ya kabati lenye kufuli, hivyo matone yanayobaki mdomoni mwa bomba baada ya kujaza trekta hudondokea ndani ya kizuizi badala ya udongoni. Tangi letu la zamani lilizungushiwa ukuta wa matofali wenye koki ya kutolea maji ya mvua, na koki hiyo ilisahauliwa wazi (nani aliisahau, bado tunabishana). Dizeli ilipovuja, tuliifuata kwa macho hadi mtaroni.

Kasoro zipo. Geji hudanganya mafuta yanapokaribia kwisha, na kidirisha cha kukagulia nafasi iliyo kati ya kuta ni chembamba kiasi kwamba bila tochi huoni kitu. Aidha, hakuna king'ora cha kuonya tangi linapokaribia kujaa, kwa hiyo lori la mafuta likija ni lazima mtu asimame hapo hadi mpira utakapofungwa.