Uzoefu wangu na Prius iliyotumika (2009–2015): gharama zake zinafuata joto

Kwa anayetafuta gari la haibridi lililotumika, naipendekeza Prius ya kizazi cha tatu, ile ya 2009 hadi 2015 yenye injini ya 2ZR-FXE ya lita 1.8. Ni gari linalodumu, ila halivumilii uzembe wa upoozaji. Wanunuzi wengi huulizia betri kubwa tu. Mimi huanza na maji, hewa na masizi, maana gharama nyingi kubwa za gari hili zinatokana na kitu kilichopata joto kupita kiasi.

Ugonjwa wake mzito ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Mfumo wa EGR hurudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na kabla ya kuingia moshi huo hupita kwenye kipoozeo chenye vijia vyembamba. Masizi yakichanganyika na mvuke wa oili, vijia huziba kidogo kidogo. Vivyo hivyo vitundu vya moshi kwenye manifodi ya kuingizia hewa: kimoja kinabaki wazi, kingine kinaziba, silinda moja inachoma kwa joto zaidi kuliko jirani yake, na mwishowe gasketi inaachia. Dalili yake hujitokeza injini ikiwa baridi. Inawaka, inatetemeka na kugongagonga kwa sekunde kadhaa, kisha inatulia kana kwamba hakuna kitu. Kompyuta inaweza kuonyesha misimbo ya hitilafu P0300 hadi P0304 (silinda kukosa kuchoma vizuri), na kulanti, yaani maji ya kupoozea, inapungua bila kuonekana panapovuja. Ukikuta mtetemo na kulanti inayopungua kwa pamoja, achana na gari hilo hata bei ikishushwa. Ndiyo maana gari hili hukaguliwa likiwa limelala usiku kucha. Gusa boneti; ukikuta muuzaji ameshaliwasha, rudi siku nyingine.

Kinga ipo. Kila kilomita 80,000 hivi, kipoozeo cha EGR, valvu yake na manifodi vifunguliwe, viloweshwe kwa dawa ya kuondoa masizi na kusuguliwa, kisha virudishwe kwa gasketi mpya. Kipoozeo kilichosafishika, ukikimiminia maji upande wa moshi yanapita kwa kasi. Yakidondoka taratibu, bado kimeziba. Ni kazi ya karibu siku nzima kwa fundi makini, na ni nafuu mno ukilinganisha na kushusha hedi.

Injini hii haina mkanda hata mmoja. Hakuna altaneta wala stata ya kawaida, na kompresa ya AC pamoja na pampu za maji zote ni za umeme. Hilo linapunguza vipuri vya kubadilisha, lakini pampu ya umeme hufa kimya. Ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa utumike na mota) ni rahisi kupima: injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kitanki cha kulanti ya inveta, washa gari hadi taa ya READY ionekane, uangalie ndani. Maji yanapaswa kuchezacheza. Yakiwa yametulia kama ya kisimani, pampu imekufa au kuna hewa ndani, na msimbo P0A93 (upoozaji wa inveta umeshindwa) uko njiani. Inveta hupandisha umeme hadi volti 650, hivyo usiiache ifanye kazi bila kupoozwa hata siku moja. Uliza pia kwa namba ya chesisi kama gari lilifanyiwa marekebisho ya programu ya inveta. Februari 2014 Toyota iliita magari milioni 1.9 ya kizazi hiki duniani kote kwa ajili hiyo.

Sasa betri. Ni ya nikeli, moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6, na kompyuta huzisoma mbilimbili, yaani jozi 14. Hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia tundu la pembeni mwa kiti cha nyuma. Mzigo au nguo ikiziba tundu hilo, au feni ikijaa vumbi na manyoya ya mnyama, moduli za katikati ndizo huumia kwanza kwa kuwa ndizo hupata joto zaidi. Fungua feni, isafishe kwa brashi kavu kila mwaka. Unapokagua gari, chomeka kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari), fungua programu ya simu ya Dr. Prius au Hybrid Assistant, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu ukitazama jozi zote. Zinatakiwa kushuka na kupanda pamoja. Jozi moja ikibaki nyuma kwa zaidi ya volti 1, betri hiyo inaelekea P0A80, msimbo unaosema betri ibadilishwe.

Kubadilisha moduli moja iliyokufa nakushauri uifanye tu kama unataka muda wa kujipanga. Zilizobaki zina umri uleule, na miezi michache baadaye inafuata nyingine. Ukitaka kumiliki gari kwa miaka, weka seti ya moduli mpya. Waya za rangi ya chungwa, zenye umeme wa volti kubwa, hazishikwi kabla ya kuvaa glavu za fundi umeme, kutoa plagi ya usalama na kusubiri dakika 10.

Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayowapotosha wengi. Ikichoka, dashibodi hujaa taa na mtu anaambiwa inveta au breki zimekufa. Ipime kwanza gari likiwa limezimwa: karibu 12.6 ni nzima, chini ya 12 ichajiwe na kupimwa upya. Iwe aina ya AGM (iliyofungwa, isiyomwaga asidi) yenye kimrija cha kutolea gesi nje, kwa sababu inakaa ndani ya gari. Ukiboosti, usikosee chanya na hasi. Kosa hilo linaweza kuunguza vifaa vya thamani ya gari zima.

Sevisi yenyewe ni nyepesi. Oili ya injini 0W-20, lita 4.2 pamoja na filta. Giaboksi inatumia oili ya gia ya ATF WS, karibu lita 3.4, nami huibadilisha kila kilomita 100,000 ingawa wengi wataambiwa haibadilishwi. Breki pedi hudumu sana kwa kuwa mota ndiyo hupunguza mwendo. Sikiliza tu pampu ya breki, ikilia kila baada ya sekunde chache bila kukanyaga pedali, presha inavuja. Kompresa ya AC itiwe oili ya ND-11 pekee. PAG, oili ya kompresa za kawaida za AC, huharibu kinga ya umeme wake.

Mafuta nategemea kilomita 18 hadi 22 kwa lita. Ikishuka hadi 15, anza na upepo wa matairi na breki zinazoshika kabla ya kuilaumu betri. Na kwenye foleni usiweke gia ya N (huru), kwa sababu huko injini haiichaji betri kubwa.