Atachmenti ya mjengo Kilimani: ofisi nyota moja, foman nyota tano

Nimemaliza miezi yangu mitatu ya atachmenti wiki jana, diploma ya uhandisi wa ujenzi mwaka wa pili, na kwa sababu kabla nianze nilitafuta mtu wa kuniambia ukweli nikakosa, wacha niandike mimi. Jina la kampuni sitaji, logibuku yangu bado haijapigwa muhuri. Jueni tu ni kontrakta wa wastani, walikuwa wanajenga apatimenti ya floo tisa Kilimani, Nairobi, nilipofika walikuwa wamefika ya nne.

Nianze na ofisi nimalizane nayo. Kupata nafasi haikuwa ngumu, barua ya chuo, bima, kopi ya kitambulisho, ukaambiwa njoo Jumatatu. Kwa barua yao waliandika nitazungushwa kila idara, na kweli nilizungushwa, kutoka kwa printa hadi kwa birika ya chai. Wiki mbili nzima napanga ramani kwa mafaili. Injinia aliyewekwa awe supavaiza wangu nilimwona mara nne miezi yote mitatu, na mara mbili kati ya hizo alikuwa ndani ya gari na injini inanguruma. Ahadi ilikuwa 300 ya lunchi kwa siku. Mimi natoka Umoja, napanda matatu ya tao halafu ya namba 46 hadi Yaya, nauli peke yake inapita 200, kwa hivyo hata wakilipa kwa wakati unabaki na ya chapati na madondo, na hawakulipa kwa wakati. Buti nilipewa saizi tisa, navaa tano. Na wasichana, someni hapa: vyoo vilikuwa viwili vya mabati kwa watu karibu sitini, mlango mmoja haufungi, nikawa nakunywa maji kidogo asubuhi na mchana nakimbia petroli stesheni ya karibu kama mwizi. Hiyo peke yake ningewapa sufuri.

Wiki ya tatu nikaomba nipelekwe saiti. Karani akacheka, eti huko ni jua na vumbi, nikamwambia sikuja hapa kupanga mafaili.

Sasa foman, msimamizi wa mafundi pale saiti. Mzee wa kama miaka sitini, karatasi yake ni cheti cha uashi tu cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ananiita mama na mimi namwita mzee kama kila mtu pale. Siku ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinipa tepu akasema kapime kama kile chumba kimekaa skwea, yaani kona zake ni digrii tisini, nikaanza kumwelezea mambo ya theodolaiti, ile mashine ya kupimia pembe, akaniangalia tu. Halafu akaenda kwenye kona akapima futi tatu upande huu, nne upande ule, akavuta tepu ya mshazari, tano kamili. Tatu nne tano, wao wanaiita hivyo. Mimi nilikuwa nayo kichwani tangu sekondari kwa jina la Pythagoras na sikuwahi kufikiria inaweza kushika ukuta.

Kutoka hapo nilikuwa kivuli chake. Alinionyesha kwa nini zile biskuti za simiti lazima zikae chini ya vyuma kabla ya kumwaga slabu, la sivyo chuma inalala kwa mbao, inabaki bila kifuniko cha zege na kutu inaila. Alinieleza kwa nini nyumba yetu Umoja ina nyufa na za Kilimani hazina sana, kwetu udongo ni blek koton, ule mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unanyauka, na huku ni udongo mwekundu. Nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu nyufa, mamangu akaniuliza kama niko sawa.

Siku ambayo sitasahau ni ya kumwaga slabu ya floo ya sita. Kipimo cha slampu, cha kujua kama zege ina maji mengi, nilifanya mimi. Koni ina urefu wa sentimita 30, unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalidunga mara 25 kwa fimbo ya chuma, unainua koni polepole halafu unapima zege imeshuka kiasi gani. Ikienea kama uji ujue kuna mtu ameongeza maji. Vijana wa mixa wanapenda maji kwa sababu zege laini haisumbui, na siwezi kuwalaumu sana, wanalipwa 700 kwa siku na wilbaro ni nzito, lakini maji yakizidi zege inakauka na vitundu ndani na nguvu inapungua.

Baada ya slampu ni kyubu, vipande vya zege vya kupimwa nguvu, za sentimita 15 kila upande, zinalala kwa moldi siku moja, zinaingia majini, zingine zinavunjwa maabara siku ya 7 na zingine ya 28. Hapo ndio akatokea jamaa wa ofisi akasema kyubu zijazwe kutoka kwa wilbaro moja ameiweka kando, na hiyo wilbaro nilikuwa nimeona ikiongezwa simiti kama nusu mfuko. Yaani mtihani wa mtoto wako unamtuma wa jirani. Mzee hakupiga kelele. Aliisukuma ile wilbaro akaimwaga kwa slabu pamoja na zingine, akageuka, "Mama, jaza kutoka kwa mixa." Simu zikapigwa, mvutano karibu nusu saa, na zege haina subira. Mwishowe nikajaza kutoka kwa mixa. Na siku ya 7 zilipita vizuri tu, kwa hivyo hadi leo sielewi ule ujanja ulikuwa wa nini.

Jioni tukinywa chai alitaja tu Huruma, lile jengo lililoanguka Aprili 2016 usiku wa mvua. Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Lekchara wa chuo alikuja mara moja, dakika ishirini, akataka kuona logibuku imejazwa hadi ukurasa gani. Koni hakuigusa.

Ukipata nafasi na kampuni ya aina hii, omba saiti wiki ya kwanza, usingoje ya tatu kama mimi, na nunua buti zako. Pesa yangu ya lunchi ya mwezi wa mwisho bado naulizia, karani anasema nipige Ijumaa.