Vizibo vya masikio vya sponji katika nyumba za mbao za Goma

Vizibo vya masikio vya sponji vinafaa kumsaidia mtu alale penye kelele za majirani, ila si kwa kila kelele. Pale wapangaji wanapotenganishwa na ukuta wa mbao tu, vizibo hivi hupunguza vizuri maongezi, televisheni na ngurumo ya jenereta. Besi ya spika kubwa ndiyo huvishinda: mdundo hutembea ndani ya mbao na sakafu mpaka kwenye kitanda, na mwili huusikia hata sikio likiwa limezibwa. Kitanda kisiguse ukuta wa jirani; sentimita 10 tu zinasaidia.

Wengi wanaovilaumu huviingiza vibaya. Nawa mikono. Viringisha kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza upesi, kisha kishikilie sekunde 30 kinapotanuka. Kikibaki nje zaidi ya nusu, hakijaziba vizuri, anza upya. Asubuhi kitoe polepole huku ukikizungusha. Kukivuta ghafla kunaweza kuumiza ngoma ya sikio.

Kikichafuka au kikikawia kurudi katika unene wake, tupa. Sikio linalouma au kutoa usaha lisizibwe kabisa. Mwenye mtoto mchanga avae kimoja tu.

Muziki ukiendelea kila usiku, zungumza na mpangaji mchana, kisha mwenye parseli, yaani mwenye kiwanja na nyumba, maana ndiye aliyempangisha. Akinyamaza, nenda kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa.